Mgeni Katika Mchezo wa Zamani

Mchezo wa bao, kama ulivyo omweso wa Uganda na igisoro wa Rwanda, huchezwa juu ya ubao wenye mashimo 32, kwa kete 64. Kila mchezaji hupata kete 32, wala hakuna aliye na shimo la ziada. Haki katika mchezo huo yaonekana kwa macho. Lakini iko michezo ambayo wachezaji huingia uwanjani wakiwa hawafanani hata kidogo: mmoja ana upanga, wa pili ana dawa, wa tatu ana uchawi. Je, hapo haki hupimwaje? Na itakuwaje akija mgeni wa nne, mwenye silaha isiyopata kuonekana?

Swali hili huwakabili waundaji wa michezo ya kingano ichezwayo kwa mtandao wa kompyuta. Asili yake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu na dadu uliotolewa Marekani mwaka 1974. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika programu iliyowawezesha watu kadhaa kuingia pamoja katika nchi ya kubuni. Mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Baadaye ikaja michezo mikubwa kama EverQuest (1999) na World of Warcraft (2004).

Humo mchezaji huchagua kwanza jamii ya mhusika wake: binadamu, kibete, zimwi na kadhalika. Halafu huchagua fani, yaani kazi yake: askari, mwindaji, mganga au mchawi. World of Warcraft ulianza na jamii 8 na fani 9. Kwa kuzidisha twapata michanganyiko 72, lakini kanuni za wakati huo ziliruhusu 40 tu.

Kimoja huzaa vingi

Mtu aweza kudhani kwamba fani ya 10 ni kazi moja tu ya ziada. Hesabu yakataa. Kila fani hukutana na kila nyingine, ama kwa kupigana ama kwa kusaidiana. Tukiwa na fani n, jozi zake ni n(n − 1) ÷ 2. Fani 9 zina jozi 36. Fani 10 zina jozi 45. Tangu mwaka 2022 mchezo huo una fani 13, yaani jozi 78. Jozi zimezidi mara mbili, ingawa fani zenyewe hazijafika mara moja na nusu ya zile za mwanzo.

Kumbukumbu ya kompyuta nayo ina mipaka. Njia moja ya zamani ya kuandika ni fani zipi ziruhusiwe kushika upanga fulani ni kuipa kila fani biti moja: 1 ni ruhusa, 0 ni marufuku. Aliyetenga biti 16 ana viti 16. Fani ya 17 ikija haina pa kukaa, mpaka programu na kumbukumbu zake zigeuzwe.

Dawa na dosari

Hata hivyo, nyongeza yaweza kuwa dawa. Wachezaji wa World of Warcraft waligawanyika pande mbili, Alliance na Horde. Fani ya Paladin ilikuwa ya Alliance peke yake, na ya Shaman ilikuwa ya Horde peke yake. Hivyo ilikuwa vigumu kuzisawazisha pande hizo. Januari 2007 ziliongezwa jamii mbili: Blood Elf, walioipatia Horde fani ya Paladin, na Draenei, walioipatia Alliance fani ya Shaman. Tofauti ya tangu mwanzo ikaondoka.

Novemba 2008 ikaja fani ya Death Knight. Mhusika wake hakuanzia ngazi ya 1 kama wengine, bali ya 55. Alionekana kuwa na nguvu kupita kiasi, ikabidi apunguzwe katika marekebisho yaliyofuata. Nyuma ya tarakimu hizo wako watu. Aliyetumia miaka minne kumkuza askari wake hafurahi kuona kazi ile ile yafanywa vizuri zaidi na mgeni wa jana.

Ziwa si programu

Wakazi wa Murongo, mji ulio ukingoni mwa mto Kagera ukielekeana na Kikagati ya Uganda, wana mfano mzito zaidi wa mgeni. Gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilichukuliwa na mto huo hadi Ziwa Viktoria, likaonekana huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Halikuwakuta wadudu walilao kwao. Likafunika maji, likaziba bandari na kuwazuia wavuvi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta fukusi wa jenasi ya Neochetina, ambao ni adui zake wa asili. Gugu likapungua, lakini halikuisha. Muundaji wa mchezo hubadili tarakimu na kosa likasahihishwa. Ziwa halirudishwi vivyo hivyo.

Jaribio la darasani

Chagueni wanafunzi wawili wenye uwezo sawa katika bao. Ongezeni kanuni moja: mmoja wao aruhusiwe kurudia hatua moja katika kila mchezo. Chezeni michezo 20, wakipokezana haki hiyo na zamu ya kuanza, kisha hesabuni ni mara ngapi mwenye haki ameshinda. Kama haki hiyo haina athari, nafasi ya kupata ushindi 12 au zaidi ni kama 25 katika 100. Basi 12 si ushahidi. Lakini nafasi ya kupata 15 au zaidi ni kama 2 tu katika 100. Mkifika hapo, mna sababu nzuri ya kushuku kwamba kanuni mpya imeuinamisha mchezo, na ni afadhali kulijua hilo darasani kabla haijawa sheria ya wote.