Vijiwe vya Sikioni na Kizunguzungu

Mbegu ya mkorosho ipandwapo Newala au Masasi, hata ikilazwa ubavu, mzizi wake huelekea chini. Katika ncha ya mzizi mna seli zenye chembe za wanga, ambazo kwa uzito wake hutuama na kuuonyesha mzizi njia.

Binadamu naye ana vijiwe vya namna hiyo, ila vyake ni vya chokaa, navyo vimo katika sikio la ndani. Kichwa kiinamapo, vijiwe huvuta vinyweleo vya seli za fahamu, na ubongo hupata habari.

Matatizo huanza vijiwe vibandukapo, hasa uzeeni au baada ya kuumia kichwa, vikaingia katika mifereji ya nusu duara. Mwokota korosho akiinama, au akijigeuza kitandani, huona dunia ikimzunguka kwa muda ambao kwa kawaida hautimizi dakika moja. Vidonge vya malaria havimfai kitu. Kimfaacho ni kugeuzwa kichwa hatua kwa hatua, kwa njia aliyoieleza daktari Mmarekani John Epley mwaka 1992, ili vijiwe vitoke mferejini. Tabibu aliyefunzwa huhitaji kitanda tu.

Kizunguzungu kiambatanacho na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi mzito ni jambo jingine: kishukiwe kiharusi, na mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.