Waokoaji Wapatiwe Mavazi ya Kemikali

Katika karne ya 19, misafara iliyogharimiwa na matajiri wa Unguja ilianzia Bagamoyo, ikapanda bara kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaelekea Ujiji. Dhuluma za biashara ya utumwa katika njia ile hatuzisahau. Wapagazi walikwenda na vitambaa, shanga na nyaya, wakarudi na pembe za ndovu. Mzigo ulipoanguka, mpagazi aliuokota akajitwika tena.

Leo malori yanaandama takriban njia hiyo hiyo, kutoka Dar es Salaam hadi Nzega, mkoani Tabora, kuelekea migodi ya Kanda ya Ziwa. Nzega yenyewe ilikuwa na mgodi wa Golden Pride, uliotoa dhahabu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi ulipofungwa mwaka 2014. Uchenjuaji wa dhahabu unahitaji sayanaidi, tindikali na kostiki soda. Mzigo wa namna hii ukianguka, hauokotwi kwa mikono mitupu.

Atakayeitwa kwanza ni askari wa Zimamoto. Je, atavaa nini? Wengi wetu hudhani kwamba koti lake zito linamkinga na kila hatari. Sivyo. Koti lile limeshonwa kuzuia joto la moto. Likirukiwa na tindikali, kitambaa chaweza kuinywa na kuigandamiza mwilini. Sayanaidi husafirishwa zaidi ikiwa yabisi, lakini ikinyeshewa huyeyuka, na maji yake hupenya ngozi.

Vazi la kuzuia mruko wa kemikali ni jingine kabisa. Kitambaa chake hakipitishi kimiminika, na mishono yake imezibwa. Huvaliwa pamoja na glavu, buti na kinga ya uso, na suruali hushushwa nje ya buti ili tone lisiingie ndani. Hata hivyo, lina mipaka. Halizuii gesi, na sayanaidi ikikutana na tindikali hutoa gesi inayoua. Hapo panahitajika vazi lisilopitisha hewa kabisa, pamoja na mtungi wa kupumulia. Wala hakuna kitambaa kimoja kinachofaa kwa kemikali zote.

Tena, kununua hakutoshi. Ndani ya vazi hilo jasho halina pa kutokea, na katika jua la Tabora mtu aweza kuzimia kabla ya kumaliza kazi. Kwa hiyo askari wafundishwe kwenda wawili wawili, kupokezana kwa zamu fupi, na kuoshwa kabla ya kuvua.

Kwa mwananchi asiye na vazi, kinga yake ni kukaa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Funzo hilo lilinunuliwa kwa bei kubwa mno. Haifai tulinunue mara ya pili.

Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tunayo tangu mwaka 2003, na ya Zimamoto na Uokoaji tangu mwaka 2007. Lakini sheria haivaliwi mwilini. Tunawaomba viongozi wanaopanga bajeti wasiyahesabu mavazi haya kuwa anasa, na wenye migodi na malori wachangie, kwani faida ya safari ni yao. Mavazi yawekwe Nzega, Singida na kila kituo cha njiani, si kufungiwa ghalani makao makuu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nasi wa visiwani tusiseme kwamba hayo ni ya bara. Makontena yanateremshwa pia katika bandari ya Malindi, katikati ya watu, na vijana wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi ni watoto wetu. Tukiwaagiza waingie penye sumu, ni wajibu wetu kwanza kuwavisha.