Maana ya "Kuona Mbali"

"Kuona mbali" si kazi ya macho peke yake. Mtu asemwapo kuwa aona mbali, maana yake hulitambua jambo lijalo akalifanyia matayarisho mapema. Hapo ndipo msemo huu utenganapo na "kubashiri": abashiriye hutaja litakalokuwa, aonaye mbali hujiweka tayari. Mfano mwema wapatikana katika Milima ya Upare. Huko Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya mifereji usiku, ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Upande wa Same, ambako mvua ni haba, maji yasiyokingwa usiku hupotea, na mahindi hunyauka. Basi, aonaye mbali hujulikana kwa alilotenda kabla ya haja kumfika.