Maji Yaingiayo Nyumbani na Maji Yatokayo

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za maji ya nyumba ya shamba, nasi twachukua mfano wa Rwamishenye, upande wa mji wa Bukoba ambako nyumba za mabati husimama kati ya migomba na mibuni. Pengine msomaji wa Dodoma atacheka akisikia watu wa Bukoba wakielezwa habari za maji. Ziwa Victoria li mbele yao, mto Kanoni wapita mjini mwao kwenda ziwani, na mvua ya mwaka mmoja kando ya ziwa hukaribia milimita 2,000, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Ni kweli, maji hayakosekani. Lakini maji mengi yana taabu zake, nazo ndizo tutakazozieleza.

Kwanza na tulitazame paa. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuifanya kwa kamba na kalamu. Nyumba yenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 6 ina meta za mraba 48. Zidisha kwa milimita 2,000, utapata lita 96,000 kwa mwaka. Tukiondoa moja ya tano kwa maji yarukayo nje ya mfereji wa paa na yale yakaukayo juu ya bati, zabaki lita 76,800. Sasa watu sita, kila mmoja akitumia debe la lita 20 kwa siku, huhitaji lita 43,800 kwa mwaka. Basi paa lile moja lawapa zaidi ya wanayohitaji, hali mama na watoto wake bado wateremka bondeni na ndoo kichwani.

Kinachowashinda wengi si mvua, ni tangi. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Tangu Juni hadi Agosti hupungua sana. Siku hizo 92 zahitaji lita 11,040, na tangi la kiasi hicho lina gharama kubwa. Walakini si lazima mtu akae bure akingojea fedha. Tangi la lita 2,000, likitengwa kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kwa kila mtu, litawatosha watu sita kwa siku 66 pasipo tone la mvua. Maji ya kufulia yaweza kuendelea kutoka bondeni. Mvua ya kwanza baada ya jua kali yafaa imwagwe, maana huosha vumbi na mavi ya ndege juu ya bati. Tangi nalo lifunikwe, na kila tundu liwe na wavu mwembamba, ama sivyo mbu watazaa humo.

Sasa twafika kwenye jambo zito zaidi. Zikiingia nyumbani lita 120 kwa siku, karibu lita 100 hutoka tena, zikiwa na sabuni, mafuta ya sufuria, na uchafu wa nepi za mtoto. Zaenda wapi? Nyumba nyingi za Bukoba zimejengwa juu ya vilima, na chemchemi ziko chini bondeni. Chini ya udongo wa kibanja mna mawe ya mchanga, na mawe hayo yana nyufa. Udongo mzuri huchuja maji polepole, hata vijidudu hufa njiani. Ufa wa jiwe hauchuji kitu, hupitisha maji kama bomba. Kwa hiyo uchafu wa choo cha nyumba ya juu waweza kufika katika ndoo ya jirani wa chini, wala hapana kati yao ajuaye.

Watu husema: maji yale ni maangavu, ya baridi, tena matamu, basi ni safi. Neno hili limeua watu wengi, wala si Afrika tu. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka mjini London, na daktari John Snow akaona ya kuwa wengi waliokufa walikunywa maji ya pampu moja katika Broad Street. Bibi mmoja mjane alikuwa akikaa Hampstead, mbali na pale, lakini aliyapenda maji yale kwa ladha yake, akawa akiletewa kwa chupa. Alikunywa, akafa. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea alikunywa pia, akarudi kwake Islington, akafa, wala mtaani kwake hapakuwa na ugonjwa huo. Mpini wa pampu uliondolewa Septemba 8. Kisima kilipokaguliwa mwaka uliofuata, ilionekana kwamba karo la nyumba moja lilikuwa chini ya meta moja kutoka ukuta wa kisima, na matofali yake yamelegea, yanavuja. Katika karo lile mama mmoja alimwaga maji aliyosuuzia nepi za mtoto wake mgonjwa. Hakutenda kwa ubaya. Aliyamwaga pale palipowekwa kwa ajili ya maji machafu.

Basi choo cha shimo kiwe meta 30 au zaidi kutoka kisima au chemchemi, tena upande wa chini, na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa meta 1.5 au zaidi. Mtu achimbaye mwezi wa Julai hukuta udongo mkavu akafurahi. Afadhali aulize majirani maji hupanda hadi wapi mwezi wa Mei. Twajua kwamba vibanja vimegawanywa kwa urithi hata vikawa vyembamba, na meta 30 hazipatikani kila mahali. Hapo shimo liwe fupi, na kuta za choo ziinuliwe juu ya ardhi. Na jirani wa chini aambiwe waziwazi, achemshe maji yake ya kunywa.

Desturi moja hatuipendi: kuogea chooni ili maji yaingie shimoni. Huonekana ni usafi, kumbe maji hayo husukuma uchafu chini na kulijaza shimo mapema. Maji ya kuoga na kufulia ni mali ya migomba. Yapelekwe kwa mfereji mfupi chini ya majani makavu, leo kwenye shina hili, kesho kwenye lile, ila yasimwagiwe mboga ziliwazo mbichi. Maji ya nepi za mtoto aharishaye hayamo katika hesabu hii. Hayo yaingie chooni, ingawa ni maji. Na Aprili inapofika, migomba imekwisha kushiba, maji ya kuoga hayana pa kwenda. Kwa miezi hiyo lichimbwe shimo la kina cha meta moja upande wa chini wa nyumba, mbali na chemchemi, lijazwe mawe yaliyovunjwa, lifunikwe, na mfereji wa mvua upitishwe mbali nalo.