Mbu ni Mbu?

Juzi jirani yangu alinibishia hodi, mkononi ana glasi iliyofunikwa kwa sahani. Ndani mlikuwa na mbu mmoja. "Ndugu mtangazaji," akaniambia, "wewe ndiye hutuhubiria malaria redioni. Haya, niambie, huyu ndiye au siye?"

Nilimtazama yule mbu. Alikuwa ametua huku ameinua mkia juu, si kama mbu wa vyooni na mitaroni ambaye mwili wake hulala sambamba na ukuta. Nikajibu kwa kujiamini, "Ndiye!" Jirani akaenda zake ameridhika. Mimi nikabaki na wasiwasi, kwani nilikuwa nimempa nusu ya ukweli.

Mkao ule ni wa ukoo mzima wa anofelesi, wenye aina zaidi ya 400. Kati ya hizo, ni kama 30 au 40 tu zinazoeneza malaria kwa kiasi kikubwa. Hata tukimchukua yule mashuhuri wa Afrika, gambiae, wataalamu waligundua katika miaka ya 1960 kwamba jina hilo moja lilifunika aina kadhaa zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Mmoja hupenda damu ya binadamu na huingia majumbani. Mwingine, arabiensis, huuma watu na ng'ombe pia, mara nyingi nje ya nyumba. Yupo na wa tatu, quadriannulatus, ambaye shughuli yake hasa ni wanyama. Siku hizi hutenganishwa maabara kwa kupima vinasaba, jicho halitoshi.

Msomaji atauliza, majina yote haya ya nini? Mbu si mbu tu?

Hebu tutazame Upare. Katika miaka ya 1950, nyumba za Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, zilinyunyizwa dawa ya dieldrin. Mbu aitwaye funestus, mwuaji mkubwa, akatoweka. Baadaye Upare Kusini wakaonekana mbu wengi wanaofanana naye. Mtu wa haraka angesema dawa imeshindwa. Wataalamu walichunguza kwa makini, wakakuta ni rivulorum, mbu ambaye hafuati sana watu. Kumbe dawa ilikuwa imefanya kazi!

Leo hatari imegeuka. Mbu wa Asia aitwaye stephensi aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, na mwaka 2022 akapatikana Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Si rahisi kumtofautisha na gambiae, lakini tabia zake ni nyingine. Huyu hustawi mjini, na hutaga katika matangi na mapipa ya maji safi tunayojiwekea majumbani. Tukimpa jina la mwenzake, tutamsaka kwenye madimbwi ya vijijini ilhali anazaana juu ya paa zetu.

Ndiyo maana namheshimu yule mtaalamu anayeinamia darubini siku nzima akihesabu madoa ya bawa la mbu. Dawa, chandarua na fedha za umma hufuata jina analolitaja yeye.

Na jirani yangu? Nitamrudia nimwambie kweli: mwenye glasi ile sikumjua. Lakini tusingoje kumjua ndipo tulale ndani ya chandarua na kufunika mapipa.