Kijiwe cha Laptopu, Mlandege

Wana, tangu Silicon Zanzibar, ule mpango wa kuvuta kampuni za teknolojia, izinduliwe 2022, kila mchizi mwenye laptopu anaota ofisi ya vioo kule Fumba. Fresh, wenye mkwanja waende. Sisi wa mishe za kuungaunga, kuhariri video za mahoteli na kuchora nembo za maduka, tunataka meza na intaneti hapahapa Mlandege, unatoka Darajani kwa mguu na nauli ya daladala inabaki mfukoni.

Mchongo uanze na umeme, maana ndio unaokomba hela. Kiyoyozi kinatafuna uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, vibaya mno. Tafuta ghorofa ya juu ya duka, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa: kuta nene, dari ndefu, madirisha pande mbili. Funga pangaboi, upepo upite. Kusi ikivuma hata pangaboi unalizima. Noma ni Februari. Jua likipiga upande mmoja unafunga madirisha ya huko, meza zinahamia kwengine. Kwa hiyo meza ziwe nyepesi, za miguu ya kukunja. Meza ya kupigiliwa ukutani sitaki hata bure.

Halafu sola na betri. Desemba 2009 njia ya umeme wa kutoka bara ilizingua pale Fumba, Unguja ikakaa kiza mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, sawa, ila aliyeyaona yale hategemei waya peke yake. Betri ilishe ruta, taa na chaji basi. Birika la umeme marufuku. Muuza kahawa na dele lake si anapita?

Simu zipigwe barazani, ndani watu wanakomaa. Ila baraza, tuseme ukweli, ni la wanaume. Madada wapewe chumba chenye dirisha zuri na soketi za kutosha, sio kile kistoo kilichobaki.

Malipo yawe kwa saa, kodi ya mwezi inatukimbiza. Na masaa yenyewe yasigande. Mwezi wa Ramadhani mchana mtu kichwa hakishiki, basi fungua baada ya tarawehe, kaza mpaka daku. Mteja wa Ujerumani hajali kama nembo yake umeichora saa saba ya usiku. Yeye anataka mzigo ufike.