Fundi wa Septiki: Lipa kwa Hatua Kabla Shimo Halijafunikwa

Ukuta ukijengwa vibaya utauona. Tangi la septiki ni tofauti: slabu ikishawekwa na udongo kurudishwa, ubaya wake utaujua kwa harufu, ama kwa maji ya kisima. Kwa hivyo usitume pesa zote mara moja, hata kama fundi ameletwa na shemeji.

Muombe akupeleke kwa tangi alilojenga angalau mwaka uliopita, uongee na mwenye nyumba. Akijiita kontrakta, tafuta jina lake kwa orodha ya NCA.

Kisha gawanya malipo: kuchimba, kuta na plasta, halafu slabu. Kabla ya slabu, jaza tangi maji. Simiti mpya hunyonya kidogo, basi weka alama kesho yake, ungoje masaa 24. Maji yakishuka sana, kuna ufa. Pesa ya slabu ikae kwa simu yako mpaka arekebishe.

Ukituma, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Si la fundi wako? Mpigie kwanza. Na meseji za malipo usizifute, hizo ndizo risiti zako mkikosana.